Kitabu cha Kujinasua Mkono

Kuku wawili wa kuchoma, kikapu kimoja cha mayai ya kuchemsha, kanga iliyochanika kwapani, na rafiki mmoja. Hiyo ndiyo gharama yote ya mimi kujifunza aikido, ufundi wa Kijapani wa kujinasua, kwa kitabu, hapa Itigi, miaka ile ya Ujamaa. Nimeihesabu mara mbili kama ninavyohesabu kila kitu, na mara zote mbili anayekosekana ni rafiki tu. Kuku na mayai vilisharudi zamani, maana kuku hutaga. Kanga nilinunua nyingine.

Nisingekuwa naandika haya kama juzi asingefika mlangoni kwangu mwanamke wa makamo, amevaa buibui lenye vumbi la safari, na kifurushi amekikumbatia kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake. Akasema shikamoo mama, nikaitikia, akauliza kama mimi ndiye Yunisi aliyekuwa akiuza mayai stesheni. Nikamwambia wako wengi waliouza mayai stesheni, inategemea anadai nini. Hakucheka. Akasema yeye ni Rehema, binti wa Zuhura, na mama yake wamemzika Tabora kabla ya mvua. Kisha akafungua kifurushi. Ndani ya kanga kulikuwa na kitabu changu, jalada limebadilika rangi kuwa la chai, na juu yake yule mwanamume mwenye sketi nyeusi pana bado amesimama vilevile, hajazeeka hata kidogo. "Alisema kirudi kwa mwenyewe," Rehema akasema. "Nikamuuliza kitabu cha nini, akasema, cha Yunisi." Nikamkalisha, nikasonga ugali wa uwele, nikapika mlenda, kwa sababu mikono yangu ilihitaji kazi. Alipokuwa anakula nikamuuliza habari za baba yake, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua. "Baba nipo naye mimi," akasema. "Namlisha kwa kijiko sasa. Mpole kabisa. Mama mkubwa, yule mzee hajawahi kumwinulia mama mkono hata siku moja." Nikamwongezea mlenda. Alichosema ni kweli tupu. Athumani, baba yake, hakuwahi kuinua mkono.

Athumani alishika. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake, na mwaka ule kota nzima ya reli iliijua. Zuhura angekuwa bombani anapanga ndoo, anacheka na wenzake, Athumani anatoka kazini na bendera zake za kuongozea treni kwapani, anafika, hasemi neno, anamshika kifundo cha mkono na kumwongoza nyumbani kama mtu anayetoa mbuzi kwenye shamba la watu. Hakupiga kelele. Hakukunja uso. Alikuwa anatusalimu wote, "Habari za jioni, akina mama," huku ameshika. Kesho yake Zuhura alikuwa na alama nne upande mmoja wa mkono na ya kidole gumba upande wa pili, na alizivaa kama bangili. Tulipomtazama aliteremsha kanga. Nilikuwa na umri kama wake, miaka ishirini haijafika, na nilijiona mjanja wa stesheni nzima: nilijua abiria yupi atanunua kabla hajajijua, nilijua yai la juzi kwa uzito wake mkononi. Lakini kwa kile kifundo cha mkono sikuwa na bei wala neno.

Siku niliyopata kitabu, treni ya abiria kutoka Dodoma ilichelewa, na abiria waliochelewa wana njaa, na mwenye njaa habishani sana. Dirishani kwa daraja la pili akachungulia kijana wa Kijapani. Alikuwa na Kiswahili cha darasani, kila neno limepigwa pasi. Alitaka kuku wawili. Nikamnyooshea, naye akatoa noti kubwa ambayo chenji yake isingepatikana stesheni nzima hata tungechangishana. Filimbi ikalia. Mimi sikumwachia kuku, yeye hakuachia kuku. Basi akaingiza mkono begini akatoa kitabu. Nikamwambia, kaka, mimi kitabu sikili. Akasema, "Hii ni aikido. Tafadhali, nishike." Akanyoosha mkono nje ya dirisha. Nikamshika, na nilimshika kweli, nikijua huyu asipolipa anaondoka na kuku wangu. Sijui alifanya nini. Hakuvuta. Aligeuza kiganja chake juu kama mtu anayetaka kujisomea mistari ya mkono, bega lake likageuka kidogo, na mkono wangu ukabaki angani hauna kitu, umekunja vidole juu ya hewa. Nimeuza vitu maisha yangu yote, na naijua bidhaa inayojiuza yenyewe. Sikufikiria kuku. Nilifikiria zile bangili. Nikachukua kitabu, treni ikaondoka, na wenzangu wakacheka mpaka wakakaa chini. "Yunisi kauza kuku kwa picha za wanaume waliovaa sketi," mmoja akasema. "Ukichoka kuziangalia, nyonya mfupa wa kitabu."

Chumba cha Zuhura pale kota kilikuwa kimoja, na jiko nje, ukuta kwa ukuta na jirani, hata ukikwangua sufuria jirani alijua umepika nini na kama kimeungua. Sakafu ilikuwa nyekundu, anaisugua kila asubuhi kwa kipande cha nazi kilichotoka pwani kwa treni. Kitanda cha chuma, sanduku la bati, bendera za Athumani zimeegemezwa pembeni, ya kijani na nyekundu. Tulikuwa tunaondoa mkeka, tunatandika magunia mawili niliyojaza makapi ya uwele, na tunafunga mlango Athumani akiwa zamu. Kitabu nilishika mimi, kwa kuwa ni changu, na niliona hiyo ni haki. Nilikifungua kama nilivyofungua kitabu cha nyimbo kanisani, nikafuata picha kutoka kushoto. Picha ya kwanza, mtu amelala kifudifudi, mwenzake amepiga magoti amembana mkono. Picha ya pili, anaanza kunyanyuka. Ya tatu, yuko nusu. Ya mwisho, wamesimama wima wote wawili na mmoja amemshika mwenzake kifundo cha mkono. Kila ukurasa hivyo hivyo: wanaanza na aliyeanguka, wanamaliza na aliyeshikwa. Basi tukajifunza hivyo. Zuhura analala kwenye gunia, nami namwinua taratibu kwa kufuata picha, na mwisho namshika mkono, tunatazamana. Tulifanya hivyo wiki baada ya wiki. Nikaanza kuingiwa na wasiwasi kwamba yule Mjapani alikuwa na vitabu viwili akanipa kile cha wauguzi.

"Mwenzangu," Zuhura akasema siku moja akiwa chini, makapi kwenye nywele, "kama shida ni kuinuka, mbona naijua. Najiinua mwenyewe kila siku, tena bila kitabu."

Nikasema tujaribu ukurasa mwingine.

Kilichotuokoa ni kuku. Nilikuwa nanyonyoa kuku jikoni kwake, mikono yote imejaa manyoya na maji ya moto, nikamwambia akitazame kitabu yeye. Akakichukua. Zuhura alisoma chuo cha Kurani Tabora, alihitimu juzuu zake akiwa mdogo, na mkono wake ulikwenda wenyewe: akakigeuza, akakifungua upande niliodhani ni mwisho. Kisha akaniita kwa sauti ndogo. "Yunisi. Umekishika Kikristo. Hiki kinafunguliwa kama juzuu." Nikaacha kuku. Akapitisha kidole kutoka kulia: mtu ameshikwa mkono. Anageuza kiganja. Anageuka mwili. Aliyemshika anainama, anapiga goti, analala kifudifudi. Tulikaa chini tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Wiki zote zile tulikuwa tunamfundisha mtu kuanguka kwanza halafu ashikwe. Nimekutana na walimu wengi maishani, na hata mmoja hakuwa na subira ya kitabu kile, kilichotuacha tukakisoma kinyume bila kusema neno.

Kuanzia hapo tulijifunza kweli. Yale ya kuangushana tuliyaacha, kwa sababu gunia la makapi lilipasuka na kanga yangu nayo ikapasuka, na kwa sababu Zuhura alisema hataki kumwangusha mtu, anataka mkono wake tu. Tukashika ukurasa mmoja. Mimi namshika, yeye anageuza kiganja juu, anakileta kiwiko ubavuni, anaingia kando yangu kama anataka kutazama ninachotazama mimi. Siri ilikuwa hapo: usivute. Ukivuta, anakushinda. Unakwenda kusimama aliposimama, na mshiko unakosa pa kushika. Nilikuwa nakunja vidole kwa nguvu zote za mtu aliyezoea kukamata kuku, na ikafika siku sikuweza tena kumzuia. Lakini picha hazisemi mtu akishika kwa mikono miwili yenye hasira inakuwaje, na maandishi yale yalikuwa kama nyayo za ndege mchangani. Kwa hiyo lilipokuja gari la sinema la serikali, tulikwenda mchana kabla watu hawajajaa, tukamkuta fundi wake anafunga shuka jeupe kwenye ukuta wa ghala la ushirika. Tukamwamkia, nikamwonyesha kitabu, nikamuuliza kama ana filamu ya mambo haya, tuone yanavyotembea.

Akakitazama, akakigeuza, naye pia akakishika kinyume. "Mimi, dada zangu, nina filamu ya pamba. Ninayo ya choo. Na ninayo ya mahindi ya kupanda kwa mstari."

"Ya kujinasua hunayo?" Zuhura akauliza.

"Kujinasua na nini?"

Akatutazama, mmoja baada ya mwingine, halafu akatazama kanga ya Zuhura ilivyoteremshwa mpaka kwenye vidole siku ya jua kali vile. Akasema kwa upole, "Ya choo ni nzuri sana. Kaeni mbele." Tukakaa mbele. Tukaangalia choo kikichimbwa tangu mwanzo mpaka mwisho, na Zuhura alicheka mahali pote walipocheka wengine.

Nilimpeleka pia kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Nilidhani wakati ule hakuna kitu kisicho na kamati: sukari ilikuwa na kamati, shamba la kijiji lilikuwa na kamati, hata mbwa wasiofungwa walijadiliwa. Balozi alikuwa mtu mwema. Sukari ikija alihesabu vijiko ili wajane wasikose. Alitukaribisha chini ya baraza lake, mke wake akatuletea karanga. Akasikiliza mpaka mwisho, akamenya karanga, akauliza, "Kuna damu?"

"Hakuna," nikasema.

"Jino?"

"Hapana, mzee."

"Mfupa je?"

Zuhura akatikisa kichwa. Balozi akapumua kama mtu aliyetua mzigo. "Sasa, wanangu, nikaandike nini? Niandike mume kamshika mkewe mkono? Wataniuliza, alitaka amshike nani?" Mke wake aliyekuwa ndani alicheka kidogo, kisha akaacha. Tukashukuru kwa karanga, tukaondoka. Njiani Zuhura akasema, "Tungepeleka mbuzi aliyeshikwa vile, angeitisha kikao." Nilitaka kucheka na sikuweza.

Siku ilipofika mimi sikuwepo; nilisikia kwa jirani wa ukuta mmoja na kwa Zuhura mwenyewe. Alichelewa kwenye foleni ya sukari, Athumani akaja kumchukua mbele ya foleni nzima, akamshika. Na Zuhura, alisema, hata hakuwaza. Kiganja kikageuka juu chenyewe, kiwiko kikaingia ubavuni, akapiga hatua moja, na akajikuta amesimama bega kwa bega na mume wake, wote wawili wanatazama mlango wa duka, na mkono wake ni wake. Mtu mmoja nyuma akasema, "Haya sasa." Athumani akatazama mkono wake mwenyewe, hivi na hivi, kama mtu aliyepunjwa chenji. Kisha akatabasamu, akawaambia akina mama wasiharibu foleni, akaenda zake. Zuhura alikuja kwangu stesheni mbio na sukari yake, anang'aa. Aliniambia nimshike, akajinasua. Nimshike tena, akajinasua tena. Wauza maji wakatuuliza kama tumelewa. Nilipika mayai manne yasiyo ya kuuza, tukala kwa chumvi na asali ya Itigi, nami nikajisemea kwamba kuku wale wawili wamerudi na faida juu.

Athumani hakumshika mkono tena. Nataka nilieleze hili kwa uaminifu, kwa sababu hapo ndipo ujuzi wangu wote ulipoishia. Hakumshika tena kabisa. Alimuuliza mara moja tu, kwa upole, "Nani kakufundisha?" Yeye hakunitaja. Keshoye akanunua kufuli. Akienda zamu anafunga mlango kwa nje, anaacha maji na chakula, tena chakula kizuri, na akirudi anafungua na kumsalimu. Mimi nilikuwa napitia nyuma, tunazungumza kwenye tundu la dirisha dogo lililowekewa wavu. Nilimwomba jirani aseme kitu. Akasema hata yeye ukuta ni wa reli, hataki maneno na mtu wa reli. Nikarudi kwa balozi. Akauliza kama anamnyima chakula. Nikakaa na kitabu chumbani kwangu, nikakipekua kutoka kulia kwenda kushoto, na kwa ujinga wa huzuni nikakipekua pia kutoka kushoto kwenda kulia. Kushikwa mkono mmoja, kulikuwemo. Mikono miwili, imo. Kukabwa koo kwa nyuma, kumo. Mtu mwenye kisu, mtu mwenye fimbo, watu wawili kwa pamoja, wote wamo na wote wanaangushwa. Ukurasa wa kufuli haukuwemo.

Kisha Athumani akaomba uhamisho, mbali, upande wa ziwa. Waliondoka na treni ya mchana. Nilikwenda na kikapu changu kama siku zote, ili nionekane nauza. Walikuwa wamekaa behewa la katikati, Zuhura dirishani, Athumani amesimama mlangoni anaagana na wenzake, anapeana nao mikono, kila mmoja anamwambia kazi njema. Nikampa Zuhura kitabu, nimekificha chini ya mayai. Akakiweka chini ya kanga bila kukitazama. Halafu akatoa mkono nje ya dirisha, nikaushika.

"Shuka," nikamwambia.

"Nishuke niende wapi?"

"Kwangu."

"Kwako ni hatua ngapi kutoka kwa balozi?"

"Shuka hivyo hivyo, Zuhura. Tutajua mbele."

"Yunisi, mimba imeingia," akasema. Treni ikatikisika. "Niachie sasa."

Sikuachia. Nilitembea. Treni ya zamani ilianza taratibu, kama inayofikiri, na mimi nilitembea nayo, kikapu mkono wa kushoto, yeye mkono wa kulia, halafu nikaanza kukimbia, kikapu kikaanguka na mayai yakatawanyika, na watu wakanipigia kelele kwamba jukwaa linakwisha. Nilikuwa nimemshika kwa nguvu zote za mtu aliyezoea kukamata kuku, palepale pa zile alama. Akanitazama. Akageuza kiganja juu, taratibu, kama mtu anayetaka kujisomea mistari ya mkono. Kiwiko kikaingia ndani ya dirisha. Na mkono wangu ukabaki angani hauna kitu. Alifanya vizuri kuliko picha. Nilisimama pale jukwaa linapoishia kwenye kokoto, vidole vimekunja hewa, na behewa la mwisho likapita.

Mimba ile ndiyo Rehema, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda changu juzi anamaliza ugali. Mjukuu wangu Neema alisikia neno aikido, akatoa simu, akaliandika, na hapohapo ikaja video: mwalimu wa Kizungu mwenye sketi ileile nyeusi, anashikwa mkono, anageuza kiganja. Neema akaisimamisha kwa kidole, akairudisha nyuma, akaiendesha polepole. Ziko nyingi, bibi, akasema, hazina mwisho, na ni za bure. Nilimwomba airudishe tena. Aliyeanguka akasimama, akamwendea mwalimu kinyumenyume, akamshika mkono. Kama tulivyoanza sisi.

"Kumbe ni michezo," Rehema akasema, na uso wake ukafunguka. "Mama alikuwa mchezaji? Hakuwahi kutuambia." Akachukua kitabu akipekue, akakifungua upande sahihi bila kufundishwa. Kikajifungua chenyewe kwenye ukurasa mmoja. Kurasa nyingine zote ni safi kama siku ya Mjapani. Huo mmoja ni mweusi kwa mafuta ya mikono, pembe zimelika, na picha ya kiganja imefutika kabisa. Nilikiacha na mafuta ya miezi michache. Mengine aliyatia yeye, huko alikokwenda, miaka yote hiyo. Rehema akaweka kidole pale. "Mama mkubwa, mbona ukurasa huu tu?"

Nikamwambia nimechoka, uzee, tutazungumza. Akasema sawa, anapita tena Jumamosi akirudi Tabora, na kwamba amemwahidi baba yake atampelekea hadithi ya mama alipokuwa msichana, maana mzee anapenda sana kusimuliwa habari za marehemu wakati wa kulishwa.

Leo ni Alhamisi. Katika maisha yangu sijawahi kununua shauri, nimezoea kuuza. Lakini hili nimelipima kwa mkono kama yai na sijui kama ni zima. Nikimwambia, ni yeye atakayeshika kijiko Jumapili. Nisipomwambia, Zuhura alikibeba kitabu miaka yote ile ili nani akisome? Wewe uliyesoma mpaka hapa, ambaye hunidai wala sikudai, nishauri: Rehema akiweka kidole tena kwenye ukurasa ule, nimjibu nini?